Fundi wa Kiyembe anayesikilizanisha vitambaa, ila Ijumaa yake haijulikani ni ya mwezi gani

Nianze na hili ndo msije mkasema nimelipwa: amenichelewesha kila mara, leso (kanga) niliyopewa na mamangu ameikata pahali pabaya mpaka nikachekwa na bodaboda, na bado wiki iliyopita nimempelekea kazi ya nne. Sasa endeleeni kusoma mkijua anayeandika ni mtu wa aina gani.

Mi ni wa Busia, upande wa Uganda, nimekulia kwa mama aliyekuwa anauza leso na vitenge, kwaiyo nguo zenye maua na michoro si kitu kigeni kwangu. Ila kwetu sheria ilikuwa moja tu, kitenge kikiwa juu basi na chini ni hicho hicho, na kilemba ni hicho hicho, na kikibaki kipande mtoto anashonewa nacho, Jumapili mnaingia kanisani familia nzima mnafanana kama viti vya basi. Kuchanganya maua na mistari ilikuwa mambo ya mtu aliyevaa umeme ukiwa umepotea. Nimekuja Kampala na hiyo akili. Miaka sita nimefanya kazi kwa ofisi moja ya mizigo nikiwa na sketi za kitenge kama tisa hivi na blauzi nyeusi nne, na hizo blauzi nyeusi ndo zilikuwa zinachoka, sketi zimekaa tu, kwa sababu kila sketi ilikuwa inataka kitu kisicho na mchoro.

Alafu mwaka jana dada mmoja wa ofisi akaja na shati, jamani. Mwili wa shati ni maua makubwa ya rangi ya kutu, mikono ni madoadoa madogo, ukosi ni drafti. Vitu vitatu visivyo na undugu wowote na bado shati lilikuwa limetulia kabisa, halikupigii kelele. Nikamuuliza umetoa wapi, akasema Kiyembe kuna fundi Mkongo, mwambie mimi nimekutuma hatakupunguzia bei ila atakupa kiti.

Kiyembe Lane kwa wasiojua ni pale katikati ya mji chini, karibu na taksi paki ya zamani, kumejaa vitambaa na cherehani mpaka njia ya kupita unaiomba. Yeye hayuko barabarani, yuko ghorofani kwenye akedi, yale majengo ya maduka, mwisho wa korido, hana bango wala jina la duka. Unauliza kwa wanaouza zipu na vifungo. Kitu kilichonifurahisha kabla hata sijamwonyesha kitambaa ni kwamba tuliongea Kiswahili. Si mnajua Kampala ukifungua mdomo kwa Kiswahili watu wanakuangalia kama mwanajeshi au mtu aliyeshuka kwa lori kutoka mpakani, kwaiyo nimezoea kuanza na Luganda changu kilichopinda. Huyu akaniwahi, "Karibu mama, ikaa." Mama! Nina miaka thelathini na moja na bado sijazaa, lakini kwa Wakongo kila mwanamke ni mama, nimezoea na saa hii hata napenda.

Sasa jicho lake. Siku ya kwanza nilibeba kitenge changu cha bluu iliyoiva chenye mapambo makubwa ya njano kama feni, na blauzi yangu ya maua mekundu, nikamwambia nataka vikae pamoja. Akavitandika vyote kwa meza ya cherehani, akatoka akaenda kusimama mlangoni, akafumba macho nusu kama mtu anayeangalia jua. Akarudi. "Hii na ile haziko zinasikilizana, mama." Nikauliza kwa nini. Akasema zote mbili zinaongea kwa wakati mmoja na zote zina sauti kubwa. Mi nikajua anataka kuniuzia kitambaa chake, kumbe hapana, akaniambia niende Owino nitafute shati la mwanaume la mistari myembamba ya bluu na nyeupe, nilete.

Owino ni ile ile, kwenye karatasi wanaiita soko la St. Balikuddembe ila sijawahi kusikia konda akiita hivyo. Mwaka 2023 rais alisema mitumba hii ni nguo za wazungu waliokufa na anataka ipigwe marufuku, sasa mi siku hiyo nilikuwa pale nimeinama kwa rundo la mashati natafuta marehemu mwenye mistari ya bluu. Nikampata kwa elfu tano za Uganda. Pamba tupu, ukosi ndo ulikuwa umechakaa.

Fundi akatoa ukosi wote na vikofi vya mikono, akaweka vya kitenge kutoka kwa kipande kilichobaki cha sketi. Akapunguza na mabega. Basi. Hiyo ndo kazi yote, akachukua elfu ishirini na tano, na nilipovaa na ile sketi nikaelewa alichokuwa anaangalia pale mlangoni. Bluu ya mistari ni ndugu wa bluu ya kitenge. Mistari ni myembamba, feni ni kubwa kama sahani, kwaiyo hakuna anayemkanyaga mwenzake, na ule ukosi unafanya mtu aone kwamba juu na chini vilikusudiwa, si ajali. Tangu hapo nimeanza kuona mistari myembamba kama rangi tu, inakaa na karibu kila kitu, hata maua. Kati ya zile blauzi nyeusi nne, mbili nimegawa.

Alafu nikaanza kuangalia wamama wa Buganda kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) kwa macho mengine. Gomesi yenyewe, lile gauni lao refu, ina maua yanang'aa, mabega yamesimama, na kiunoni anafunga kitambaa kipana ambacho mara nyingi hata si cha gomesi hiyo, kina mchoro wake na rangi yake, na ndani kabisa kuna kikoyi kinachofanya gomesi isishike mwilini, na hicho kikoyi nacho kina mistari yake. Yaani hawa wamama wamechanganya miaka yote hiyo na hakuna aliyewaambia wamevaa gizani! Sisi wa ofisini ndo tunaogopa.

Kazi ya pili ilikuwa shati kama la yule dada. Hapa ndo nilijifunza zaidi, kwa sababu nilienda na vitambaa vitano nikiwa najidai, akakataa viwili. Kimoja kilikuwa cha chui. Akasema chui anataka kukaa peke yake, umweke na kitu kisicho na mchoro, ukimweka na maua utaonekana umetoka porini. (Mi sikubaliani na hii moja kwa moja, nimeona chui na mistari mieusi ikakaa vizuri sana, ila kwa shati moja labda ana haki.) Cha pili hakukataa kwa mchoro, alikishika tu na vidole akakirudisha. Polista. Akaniambia pamba ikifuliwa inarudi nyuma kidogo, polista hairudi, ukizishona pamoja kwa mshono mmoja siku ya kufua ya kwanza mshono unakunjamana kama kisogo cha mzee na hakuna pasi ya kuutoa. Hilo nililijua kwa uchungu, nina gauni nyumbani nilishonewa na fundi mwingine ambaye simsemi, liko hivyo hivyo, nililidhani ni pasi yangu mbaya.

Kwaiyo kitu anachosisitiza, na mi nawaambia na nyinyi hata kama hamtaenda kwake, vitambaa vyote vinavyoenda kwa nguo moja vilowekwe kwanza, kila kimoja na beseni lake, vianikwe kivulini, ndo vikatwe. Kinachotoa rangi utakiona mapema. Mimi kimoja kilitoa maji mekundu kama bitruti, na kilikuwa kinaenda kushonwa na nyeupe, fikirieni.

Juu ya vitenge vyenyewe, hapo chini Kiyembe utaitwa na kila mtu, "waksi, nyabo, waksi halisi!" Waksi halisi ukigeuza upande wa nyuma rangi inaonekana kama mbele, na ukiangalia karibu kuna vile vimstari kama nyufa ambapo nta ilivunjika. Kile cha kuchapishwa upande mmoja tu nyuma kimepauka. Kwa pindo huwa kumeandikwa mambo mengi, usiyaamini hayo, hata cha bei ya chini kinaandikwa eti ni waksi ya Kiholanzi. Waholanzi ndo wenye mchezo, kiwanda chao cha Vlisco kiko tangu 1846 kule Helmond, walikuwa wanaigiza batiki ya Java wakauze huko huko, mwisho wa siku waliokipenda kweli ni Waafrika wa magharibi, na leo sisi tunakiita vazi letu. Sawa tu. Bei ya Vlisco niliuliza mara moja nikakirudisha kitambaa polepole kama nimeshika mtoto amelala. Kwa kuchanganya huhitaji hicho, Hitarget ya Mchina inatosha, na tena Kiyembe ukiongea vizuri unauziwa yadi mbili badala ya sita, wengine wanakata. Mi nimenunua yadi mbili mbili za aina nne kwa pesa ambayo ingekuwa ya kitenge kimoja kizima na chenji kidogo.

Ila chunga vitambaa vyenye kitu kinachotembea. Alinifundisha hili kwa swali moja, nimemletea kitenge cha ndege akauliza, "Ndege wanaruka kwenda wapi?" Nikakiangalia, wote wanaruka juu. Kitambaa kama hicho huwezi kukigeuza ili kipande kienee, mgongo ukikatwa upande mwingine ndege wanaanguka kichwa chini, kwaiyo unaongeza yadi moja. Maua yaliyotawanyika hayana shida, yanaelekea kila pahali.

Shati likatoka zuri kuliko la yule dada, samahani dada. Kifua maua, mikono madoadoa, mgongo drafti ndogo, na rangi ya kutu iko kwa vyote vitatu hata kama kwa drafti ni uzi mmoja tu. Nilivaa Ijumaa ofisini. Mmoja akaniuliza kama nimeshona pazia na shuka. Bosi wetu ni wa ile shule ya zamani, sisi si serikali lakini ule waraka wa mavazi wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa 2017 ameuchapisha na kuubandika pale karibu na mtungi wa maji, akaja akasimama akaangalia shati, akaangalia waraka, akaondoka. Nimechukua hiyo kama ruhusa.

Sasa leso.

Mama alinipa doti moja ya leso nyekundu na nyeusi kutoka upande wa pili wa mpaka, ile mizuri, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikakata doti, moja nikaiweka, moja nikampelekea fundi wangu anishonee gauni, juu kitenge cheusi chenye madoadoa meupe, kuanzia kiunoni leso, chini rinda la kitenge hicho hicho. Wazo lilikuwa langu na bado nasema ni wazo zuri. Leso ni nyepesi kuliko kitenge, ukisimama juani inaonyesha kila kitu, akaniambia lazima bitana, nikalipa bitana. Tukapatana na jina libaki, kwa sababu leso bila jina ni shuka tu na mama angeniuliza.

Tatizo ni kwamba tulipatana jina libaki, hatukupatana libaki wapi. Yeye akagawa leso katikati, nusu mbele, nusu nyuma, akatoa pindo la chini akapamba nalo shingo, kazi safi kabisa ya mkono, mishono imenyooka, na mi nikavaa pale pale nikaangalia kwa kioo upande wa mbele. MWENYEJI APONE. Nikafurahi. Nikalipa nikashuka. Kufika hapo chini kwa bodaboda nasikia mmoja anasoma kwa sauti, polepole kama mtoto wa darasa la pili, "M-GE-NI... NJOO." Wenzake wakaangua kicheko. Nikageuka, wakacheka zaidi, kwa sababu sasa wanasoma MWENYEJI APONE. Jamani. Jina limekaa sawasawa pale ninapokalia. Na hawa ndo watu wanaojidai kila siku hawajui Kiswahili!

Nikapanda boda mpaka nyumbani nimeketi kama nimekalia mayai.

Kesho yake nikarudi nimekasirika, nimepanga maneno njiani, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, akavaa miwani, akasoma nyuma, akaweka mkono mdomoni. Kumbe kule kwao kitenge hakina maneno, leso anaijua lakini hakuwahi kuikata. Sikupewa sababu za umeme wala cherehani, aliomba msamaha na akatengeneza bure nikiwa nimekaa hapo, akashona mifuko miwili mikubwa ya kile kitenge cha madoadoa juu ya MGENI na juu ya NJOO. Saa moja hivi. Na sijui niseme nini, gauni limekuwa zuri zaidi, yale madoadoa meupe nyuma yanaita ya kifuani, ile leso ilikuwa inahitaji kitu cha kuivunja pale. Mbele bado inasema mwenyeji apone. Ila kama unapeleka leso kwa fundi yeyote, mshikie jina kwa kidole, mwonyeshe litakaa wapi mwilini, umwekee pini kabisa.

Mama hajaliona. Alipiga simu akauliza leso zinafaa, nikasema zinafaa.

Kuchelewa kwake ni kitu kingine na hapo sina huruma. Ukiambiwa Ijumaa, usivunje mipango yako ya Ijumaa. Shati lilichelewa siku kumi na moja. Mara iko kwa ovaloki, mara aliyeazima mkasi hajarudi, mara ananiambia "bado kidogo tu mama" na nikifika kitambaa changu hakijaguswa kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mimi. Adivansi anachukua nusu na anachukua mapema. Nguo ya harusi au ya kwanjula usimpe kama hujabakisha wiki tatu, na hizo tatu umwambie ni moja.

Bei kwa ujumla: kubadilisha shati la mtumba na kuweka vipande elfu ishirini na tano, shati la kuchanganya thelathini na tano, gauni na bitana sabini, kitambaa ni chako. Kuna mafundi Kiyembe hapo hapo watakushonea kwa nusu ya hiyo, na wanashona vizuri, ila ukiwapa vitambaa vitatu watavikata vilivyokuja na kuvikutanisha popote. Kwake unalipia pale anaposimama mlangoni na kufumba macho nusu. Nimeanza kufanya hivyo na mimi asubuhi kabla ya kuvaa, natandika kitandani, narudi mpaka jikoni, nafumba macho. Jirani aliniona dirishani akauliza kama nasali.

Jambo dogo, mkoba. Nina mkoba wa lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, na nimegundua ile kahawia yake inapumzisha kila mchanganyiko, hata ule wa shati la vitambaa vitatu. Mzee mmoja kwa taksi aliniuliza nani amekufa, maana kwao hiyo ndo nguo ya kuzikia, kwaiyo mjue na hilo kabla hamjanunua.

Jicho tano kwa tano. Mkono nne, na ile moja ni ya mgeni njoo. Kutunza saa, sifuri.

Kazi ya nne ni koti refu la wazi, mgongo kitenge cha ndege (wanaruka juu, nimehakikisha), mbele mistari, ndani bitana ya maua madogo ambayo hakuna atakayeona isipokuwa mimi na upepo. Ameniambia niende Ijumaa. Nitaenda Jumatano ile ingine.